Kupunguza Matumizi ya Petroli: Kuepuka Israfu Barabarani



Kila ZURA inapotangaza bei mpya za mafuta, mazungumzo barazani huwa ni hayo hayo: imepanda, imeshuka. Bei hatuna uwezo nayo. Tulicho na uwezo nacho ni namna tunavyoendesha, na hapo wengi wetu tunapoteza pesa bila ya kujua.

Tumezoea kudhani israfu ni ya chakula cha harusini tu. Anas bin Maalik (Radhwiya Allaahu ‘anhu) amepokea kwamba Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) alikuwa akitawadha kwa kiasi cha kibaba kimoja cha maji, na akioga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Ikiwa maji ya ibada yalitumiwa kwa kipimo, basi petroli inayonunuliwa kwa pesa za matumizi ya nyumbani ina haki zaidi ya kupimwa.

1. Jua kwanza gari yako inakula kiasi gani

Jaza tangi mpaka juu, andika kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi. Endesha kama kawaida, kisha ujaze tena mpaka juu. Ikiwa umekwenda kilomita 330 na zimeingia lita 30, gari yako inakwenda kilomita 11 kwa lita. Rudia kila unapojaza. Namba ikishuka ghafla, gari ina tatizo: chujio la hewa limeziba, plagi zimechoka, breki inashika au mafuta yanavuja.

2. Usiiwache gari inawaka imesimama

Hapa ndipo hasara ya familia nyingi ilipo. Mzazi anamsubiri mtoto nje ya chuo dakika 20, gari inawaka. Injini ndogo iliyosimama hutumia takriban lita 0.6 hadi lita 1 kwa saa, na AC ikiwashwa huzidi. Dakika 20 kila siku kwa siku 26 ni saa 8 na dakika 40. Hizo ni lita 5 hadi karibu 9 kwa mwezi, na gari haikusogea hata hatua moja. Wengine huogopa kwamba kuwasha upya hula mafuta mengi. Kwa gari za sasa si kweli. Ukijua utasimama zaidi ya dakika moja, zima.

3. Mwendo wa utulivu

Kukanyaga mafuta kwa nguvu kisha kufunga breki kwa nguvu ni kununua kasi na kuitupa hapo hapo. Ondoka taratibu, angalia mbali, na ukiona mbele kuna foleni au kivuko cha skuli, inua mguu mapema. Kwenye njia ndefu, upepo unaoizuia gari huongezeka sana ukipita kilomita 80 kwa saa. Kutoka mjini hadi Nungwi ni kama kilomita 60. Hata njia ingekuwa tupu, anayekwenda 100 angemtangulia anayekwenda 80 kwa dakika 9 tu. Kwa dakika hizo amelipa mafuta zaidi na kuhatarisha roho yake na za watu. Jambo hili tulikumbuke zaidi Ramadhani, jioni kila mtu anapokimbilia futari.

4. Upepo wa mipira

Mipira yenye upepo mdogo huifanya gari iwe nzito na huisha haraka. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa penye mlango wa dereva. Gari zetu nyingi zimetoka Japani, na karatasi hiyo huandikwa kwa kPa. Ukiona 220, ni sawa na 32 kwenye mashine zinazopima kwa PSI. Pima mara moja kwa mwezi, asubuhi, mipira ikiwa baridi.

5. Mzigo na milima

Toa kwenye buti visivyohitajika, na keria ya juu ivue ikiwa huitumii. Kwa ndugu zetu wa Pemba wenye milima: wapo madereva wanaotia nyutro wakiteremka ili kuokoa mafuta. Gari za sasa zinazoendeshwa kwa kompyuta hukata mafuta zenyewe zikiwa ndani ya gia na mguu umeinuliwa. Ukitia nyutro injini huendelea kula. Huokoi kitu, na breki zikizidi joto zinaweza kushindwa kuizuia gari.

6. Punguza safari

Sokoni, hospitali na kwa bibi panaweza kuwa safari moja badala ya tatu. Majirani wenye watoto skuli moja wanaweza kupokezana zamu. Humo mna kuokoa pesa na kuunga ujirani.

Gari isiyokuwa yako

Dereva wa gari ya tajiri au ya ofisi asiseme, "mafuta si yangu." Kwa sababu si yake, ndiyo amana. Kuiwacha inawaka saa nzima ili apate AC, kuzunguka kwa haja zake bila ya ruhusa, au kunyonya lita mbili tatu, ni kula mali ya mtu. Naye tajiri asimdhulumu dereva kwa kumkata mshahara kabla ya kuipima gari na kujua inakula kiasi gani.

Tahadhari moja: ikisikika kwamba mafuta yatapungua, usiweke madumu ya petroli ndani ya nyumba. Mvuke wake huwaka kwa cheche ndogo tu, na jikoni hapako mbali na wanapolala watoto.

Anza na mawili wiki hii: pima upepo wa mipira, na uzime gari unaposubiri. Kitakachobaki kiingie kwenye ada ya chuo au sadaka. Wa biLLaahit-tawfiyq.