Kabla Hujanunua Tela la Kubebea Land Cruiser

Mteja akiingia karakana yangu hapa Arusha na kusema anatafuta tela la kubebea gari la porini, sianzi na bei. Namuuliza gari lake lina kilo ngapi. Atanitajia injini, atanitajia mwaka, atanieleza hata alivyolinunua, lakini kilo hajui. Wachache hutoa kadi ya gari na kunionyesha: tani mbili na kitu. Kadi haidanganyi, ila inaeleza gari lilivyotoka kiwandani Japani, na gari lililosimama nje ya geti langu liliacha kuwa lile zamani.

Chukua Land Cruiser mkonga la watalii. Chesisi imekatwa ikarefushwa. Limejengewa bodi ya chuma na paa la kunyanyuka, likawekewa viti saba, ngao nzito mbele, friji, jeki ndefu ya porini na spea tairi mbili, ambazo kila moja na ringi yake ya chuma haishuki kilo 35. Kama lina matangi yote mawili, lita 180 za dizeli peke yake ni kama kilo 150. Magari ya aina hii niliyoyasimamia mizani yamekuwa yakicheza kati ya tani 2.7 na tani 3 na ushei, na wenye nayo hushangaa kana kwamba nimewaongezea mawe. Kwa hiyo ushauri wa kwanza hauhitaji fundi: lipeleke gari kwenye mizani ya magari ya ghala la nafaka au kiwanda chochote kilicho karibu, likiwa na vitu vyake vyote kama linavyokwenda Serengeti, na karatasi utakayopewa uitunze. Bila karatasi hiyo tunabahatisha.

Sasa tuje kwenye namba inayowaponza wengi. Matela mengi ya kubebea gari yanayoingia nchini yakiwa yametumika Uingereza na kwingineko Ulaya yana kibati kilichoandikwa 3500. Mama mmoja mwenye kampuni ndogo ya utalii alinijia na picha ya kibati hicho kwenye simu.

“Fundi, gari langu tani mbili na mia tisa. Hili linabeba tatu na nusu. Linanitosha na chenji inabaki.”

“Mama, hiyo tatu na nusu ni pamoja na tela lenyewe.”

“Na tela lenyewe lina ngapi?”

“Kama mia nane.”

Alikaa kimya akipiga hesabu, kisha akacheka kwa uchungu wa mtu aliyekwisha kuahidi malipo ya awali. Ukitoa 800 kwenye 3,500 unabaki na 2,700. Gari lake limezidi kilo 200 kabla hata hajaweka boksi la spana. Kule Ulaya kilo 3,500 ndio mwisho wa tela la kuvutwa na gari dogo kwa breki za kawaida. Likizidi hapo linaingia daraja jingine lenye breki za aina nyingine. Ndiyo maana usitegemee kupata tela la tani nne la aina hiyo sokoni. Utalipata lililochomelewa hapa hapa, na hilo halina kibati kinachosema ukweli wowote. Itabidi umuulize fundi wake ekseli alizitoa kwenye gari gani.

Gari linalovuta nalo lina kipimo chake. Toyota wanaliruhusu Land Cruiser la aina hii kuvuta hadi kilo 3,500 kule Australia, mradi tela liwe na breki; lisipokuwa na breki, kilo 750 tu. Tofauti hiyo ya karibu mara tano ni kazi ya breki peke yake. Nami huongeza sharti langu, ambalo halimo kwenye kitabu chochote cha Toyota: gari linalovuta lisiwe jepesi kwa tofauti kubwa kuliko linalobebwa pamoja na tela lake. Kuweka tani tatu na nusu nyuma ya pikapu nyepesi ni kumshikisha mtoto kamba ya fahali. Siku fahali akiamua kukimbia, mtoto ndiye atakayefuata. Kwa hiyo pikapu ya tani moja na nusu inayokwenda sokoni Kilombero kuchukua vitunguu, hata kama ina ndoano nzuri inayong'aa, iache iendelee na vitunguu.

Breki zenyewe ni za namna mbili zinazopatikana kwetu. Kuna zile za kusukumwa: dereva akikanyaga breki, tela linausukuma mkono wake wa mbele kuelekea gari, mkono unavuta waya, na waya unatanua viatu ndani ya madramu. Hazihitaji umeme wala kifaa chochote kwenye gari. Kuna na zile za umeme, ambazo lazima gari linalovuta liwe na kifaa cha kuziongoza ndani ya kabini. Wataalamu watakwambia za umeme ni bora, na kwenye karatasi wana haki. Mimi nawashauri watu wa hapa wachukue za kusukumwa, kwa sababu leo tela litavutwa na Cruiser ya ofisi, kesho na gari la jirani, keshokutwa na lile lililokuwa karibu na geti la Naabi, Serengeti, siku gari lako lilipokufa. Gari lisilo na kile kifaa likivuta tela la breki za umeme, linavuta tela lisilo na breki, na dereva huenda asijue mpaka aanze kushuka.

Na sisi tunashuka. Ukitoka Karatu kurudi Arusha na mzigo, baada ya Rhotia unateremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mto wa Mbu. Kwenye mteremko mrefu tela halikomi kulisukuma gari, kwa hiyo breki za kusukumwa nazo hazikomi kushika. Madramu yanapata moto, viatu vinateleza, na kadiri vinavyoteleza ndivyo tela linavyozidi kusukuma. Dawa yake ni gia: ingiza gia ndogo ukiwa bado juu, acha injini ishike, na breki ikanyage kwa vipindi vifupi vyenye nguvu, usiuache mguu ukilalia pale. Hakikisha pia magurudumu yote manne ya tela yana breki. Kuna matela ya ekseli mbili yenye breki kwenye ekseli moja, na muuzaji hatakuambia. Ingia chini ukaangalie.

Hapo nimeshasema ekseli mbili, na kwa gari zito hilo halina mjadala. Mjadala uko kwenye springi. Matela mengi ya kisasa ya Ulaya hayana springi za mabamba. Ndani ya bomba la ekseli kuna mipira inayojipinda. Ekseli hizo ni laini, kimya, hazihitaji grisi. Lakini mipira ikichoka au mkono ukipinda, hakuna cha kukarabati, unabadilisha ekseli nzima, na ekseli hiyo haipo Karatu wala Mugumu. Tena kila ekseli hujitegemea: ukipanda tuta, kwa kitambo kidogo ekseli moja inabeba karibu mzigo wote. Hesabu matuta na rasta kati ya Arusha na Mto wa Mbu, halafu fikiria ekseli hiyo inavyopigwa. Springi za mabamba zilizounganishwa katikati kwa kipande cha chuma kinachobembea hugawana mzigo, ya mbele ikipanda inaisukumia ya nyuma sehemu yake. Zinapiga kelele na zinarusha tela likiwa tupu. Bamba likikatika, fundi yeyote mwenye moto na nyundo anakurudisha barabarani kabla ya jioni. Nachagua kelele.

Matairi ndiyo watu huyapuuza kuliko vyote, na ndiyo yanayowaangusha. Tairi la gari dogo lenye namba 185/70R14 na alama 88 linabeba kilo 560. Tairi la 185R14C, upana ule ule, lakini lina herufi C mwishoni na alama 102, linabeba kilo 850. Ukiyaweka pembeni mwa barabara mtu asiyejua ataona yanafanana. Manne ya kwanza yanabeba kilo 2,240, manne ya pili kilo 3,400. Chaguo langu ni tairi la Hiace, 195R15C lenye alama 106, kilo 950 kila moja, yaani 3,800 kwa manne, na mzigo wako unabaki chini ya hapo. Sababu ya pili ni ya mtaani zaidi: Hiace ziko kila kijiji chenye stendi, kwa hiyo tela lenye habu za nati sita zinazopokea ringi ya Hiace halikosi tairi popote. Soma pia tarakimu nne za mwisho ubavuni, kwenye mstari unaoanza na DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la tela mara nyingi huzeeka kabla ya kwisha kashata, kwa sababu linashinda juani limesimama.

Kuyumba ni suala la mahali gari lilipokaa. Uzito ukilalia nyuma ya ekseli za tela, pua ya tela inakuwa nyepesi, na ukifika kilomita 80 kwa saa mkia unaanza kucheza kushoto na kulia. Ukilalia mbele mno, nyuma ya gari linalovuta inakaa chini na usukani wake unakuwa mwepesi. Wamarekani hupendekeza pua ibebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela na mzigo. Matela ya Ulaya yana kikomo kidogo zaidi, mengi kilo 100 hadi 150, na kimeandikwa penye kikombe kinachokaa juu ya mpira wa chuma, kando ya herufi S. Fuata kilichoandikwa kwenye tela lako.

Kupima si kazi ngumu. Chukua ubao imara, upande mmoja uuegemeze kwenye tofali, upande wa pili kwenye mizani ya kupimia watu, umbali wa sentimita 90 kutoka tofali hadi mizani. Shusha pua ya tela juu ya ubao, sentimita 30 kutoka kwenye tofali. Mizani itasoma theluthi moja ya uzito. Zidisha kwa tatu. Kisha sogeza gari mbele au nyuma mpaka upate unachotaka, na upige rangi sakafu ya tela pale matairi ya mbele yanaposimama. Safari ijayo utaegesha hapo hapo bila kubahatisha.

Kuna watu huniuliza kwa nini wasinyanyue magurudumu ya mbele tu na kuvuta gari likitembea kwa ya nyuma. Kwa Land Rover Defender usijaribu: magurudumu yote manne yameunganishwa wakati wote, na kuzungusha ya nyuma huku ya mbele yamesimama ni kuiharibu difu ya kati. Wengine wameona matela mepesi ya Wakenya wanaokwenda Rhino Charge, mashindano yaliyoanza 1989 kuchangia uzio wa Aberdare, wakataka kama yale. Lakini mengi ya magari yale yamekatwa yakawa mafupi na kuvuliwa kila kisichohitajika. Lako lina friji.

Sakafu ya tela iwe ya chini, katikati ya magurudumu, maana gari la watalii lina kimo kirefu tayari. Nyuma ya tela ziwepo nguzo mbili za kushusha hadi ardhini. Bila nguzo, gari likianza kupanda uzito wote uko mkiani, pua inanyanyuka, na inanyanyua na gari linalovuta. Nimeona tairi za nyuma za Cruiser zikining'inia hewani huku utingo akikimbia. Winchi ni lazima, kwa sababu gari unalolifuata kwa kawaida haliwaki. Gari likishapanda, lifunge kwa mikanda minne kwenye matairi au ekseli, si kwenye bodi. Ukiifunga bodi, kila shimo springi za gari zinabonyea, mkanda unalegea.

Umeme nitaupitia haraka. Canter na Fuso zinatumia volti 24, Cruiser nyingi hapa 12. Weka taa za LED zinazopokea zote mbili, hutanunua balbu tena. Tela linasajiliwa TRA na kupata namba yake lenyewe, basi dai kadi yake kwa muuzaji kabla hujatoa pesa.

Yule mama hakununua. Gari lake la tani 2.9 nilimwambia alikodie Fuso yenye bodi wazi kila linapokufa, kwa sababu ana magari mawili tu na hayafi kila mwezi. Mwenye magari kumi na fundi wake mwenyewe, hesabu zake nyingine, na huyo ndiye ninayekaa naye kuchora tela.

Ukishalipata, simama baada ya kilomita 50 za kwanza ukaze nati na mikanda. Halafu zunguka ukiweka mgongo wa mkono karibu na kila habu. Zote zikiwa na joto sawa, endelea. Moja ikiwaka moto na tatu zina uvuguvugu, hiyo ni beringi iliyokazwa mno au kiatu cha breki kilichogoma kurudi, na ni bora uifungue hapo, mchana, penye watu.