MEZA YA NGARA ISIDHARAULIWE

Wageni wengi hupita Ngara wakielekea mpakani Rusumo. Hula wali kwa kuku, hunywa bia iliyosafirishwa kutoka mbali, kisha huondoka wakisema kwamba mji hauna kitu. Lawama hiyo si ya haki.

Ndizi zilizopikwa pamoja na maharage katika chungu kimoja ni chakula kinachomtosha mtu wa kazi. Mvinyo wa ndizi nao una ustadi wake. Ndizi za pombe huvundikwa mpaka ziive, hukamuliwa kwa majani, na maji yake huchanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, yakaachwa yachachuke. Ureno yajivunia mvinyo wa Porto. Sisi wetu twauficha nyuma ya nyumba.

Heshima hiyo ina faida shambani. Tangu mnyauko wa migomba ulipogunduliwa mkoani Kagera mwaka 2006, mkulima hutakiwa kung'oa shina lililougua na kutakasa panga lake kwa moto. Atafanya hivyo kwa moyo endapo mgomba unamletea fedha.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa serikali waandae chakula hiki katika dhifa zao, na maofisa afya wawafundishe watengenezaji wa mvinyo usafi badala ya kuwabughudhi. Hatuzungumzii gongo. Nanyi ndugu zetu wa visiwani Ukerewe, mliozoea ugali wa muhogo na samaki, mfikapo huku msiulize chipsi. Ulizeni ndizi.