Ribaundi Zisizoandikwa Hazipigiwi Kura

Msichana wa Mzinga anayecheza senta katika timu ya kikapu ya chuo hapa Morogoro anaweza kudaka ribaundi 15 jioni moja, akazuia mitupo mitatu, timu yake ikashinda, na kesho yake pasiwe na karatasi hata moja inayosema alifanya hayo. Hakuna aliyemwonea. Karatasi rasmi ya matokeo ya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ile anayoijaza karani mezani, haina mahali pa kuandika ribaundi.

Itazame kwa karibu. Upande wa kulia kuna safu za namba, kuanzia 1 hadi 160, za kufuatilia pointi zinavyopanda. Mchezaji akifunga mtupo wa kawaida, karani anapiga mstari wa mshazari kwenye namba ya pointi na kuandika namba ya jezi pembeni yake. Ukiwa wa pointi tatu, namba ya jezi inazungushiwa duara. Mtupo huru unawekewa nukta nzito. Upande wa kushoto yapo majina, na mbele ya kila jina visanduku vitano vya faulo: P kwa ile ya kawaida, T kwa ya kiufundi, U kwa isiyo ya kimichezo, D kwa inayomtoa mtu nje moja kwa moja. Kuna na nafasi ya taimauti. Basi. Nani alitoa pasi iliyozaa kapu, nani alipokonya mpira, nani aliwaruka wenzake wote akaudaka mpira uliogonga ringi, hayo wanabaki nayo watazamaji, nao jua likizama wanakwenda zao.

Nimeanzia mezani kwa makusudi. Tukitaja heshima za kitaifa kwa wachezaji wa kike wa vyuo, mawazo yetu hukimbilia kombe, hafla na picha na mgeni rasmi. Hicho ni kilele. Kazi yenyewe inafanyika miezi mingi kabla, na karani ambaye hakuna anayemjua jina.

Nchi ambayo heshima hizi zimeota mizizi ni Marekani, na kubwa kati yake inaitwa All-America. Serikali haihusiki nayo hata kidogo. Ni orodha ya wachezaji bora wa vyuo wa msimu mmoja, na waliomo humo hawachezi pamoja hata siku moja. Ni timu ya kwenye karatasi tu. Kwa wanawake, orodha iliyodhaminiwa na kampuni ya Kodak ilianza mwaka 1975, miaka saba kabla NCAA haijaanza kuandaa mashindano ya ubingwa wa kikapu wa wanawake mwaka 1982. Yaani wasichana walianza kutajwa kama nyota wa taifa wakati chama kikubwa kabisa cha michezo ya vyuo kilikuwa bado hakijawafungulia mlango. Leo orodha hiyo iko mikononi mwa WBCA, chama cha makocha wa kikapu cha wanawake. Waandishi wa habari nao, kupitia shirika la Associated Press, wana vikosi vyao vya wanawake tangu 1995.

Kisha zipo tuzo za mtu mmoja. Ya Naismith ilianza kutolewa kwa wanawake mwaka 1983, ya Wooden mwaka 2004. Lakini ninayoipenda mimi ni ya Wade, iliyoanza 1978 na kwenda kwa Carol Blazejowski wa Montclair State. Margaret Wade alikuwa mchezaji wa Delta State, chuo cha jimbo la Mississippi. Mwaka 1932 wakuu wa chuo waliifuta timu ya wasichana kwa hoja kwamba mchezo huo ni mzito mno kwa mabinti. Wachezaji wakachoma jezi zao. Timu ilifufuliwa miaka ya 1970 na Wade akaitwa kuifundisha, akiwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 60. Akatwaa ubingwa wa taifa mara tatu mfululizo, 1975, 1976 na 1977, akiwa na senta aliyeitwa Lusia Harris, ambaye mwaka 1976 kule Montreal alifunga kapu la kwanza kabisa la wanawake katika historia ya Olimpiki. Binti akitajwa leo kuwa bora wa taifa zima, anapewa tuzo yenye jina la mwanamke aliyenyang'anywa mchezo akiwa mwanafunzi.

Wapigakura wanawajuaje wachezaji hao? Daraja la kwanza la NCAA lina vyuo zaidi ya 300, na hakuna mwandishi wala kocha anayeweza kuviona vyote. Anaona mechi kadhaa kwenye televisheni, kisha anafungua takwimu. Kwa hiyo upendeleo upo: chuo kinachoonyeshwa kila wiki kina faida, na msichana wa chuo kidogo mara nyingi huishia kwenye majina ya kutajwa kwa heshima chini ya vikosi vitatu. Hata hivyo walau anatajwa, kwa kuwa namba zake zipo.

Mfano tunao nyumbani, ingawa ni wa mwanamume. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, akichezea Chuo Kikuu cha Connecticut msimu wa 2008/09, alikuwa na wastani wa pointi 13.6 kwa mechi. Kwa hizo peke yake asingeshtua mtu, maana wafungaji wa kiasi hicho Marekani wamejaa. Kilichompeleka kikosi cha pili cha All-America ni ribaundi 10.8 na bloku 4.2 kwa kila mechi, na makocha walishamtaja mlinzi bora wa taifa mwaka 2008, wakarudia 2009. Mwaka huohuo Memphis Grizzlies wakamchukua akiwa wa pili katika uteuzi wa NBA. Sasa mweke Thabeet yuleyule kwenye mechi yenye karatasi ya pointi na faulo tu. Utapata kijana mrefu mwenye pointi 13 na faulo nne.

Kwa wanawake wa ukanda wetu hali ni hiyohiyo. Madina Okot wa Kenya alitoka Chuo Kikuu cha Zetech, akaenda Mississippi State mwaka 2024, na mwaka mmoja baadaye akahamia South Carolina kwa kocha Dawn Staley. Okot ni senta. Msimu wake wa kwanza kule Marekani alikaribia ribaundi kumi kwa mechi. Bella Murekatete wa Rwanda, senta naye, alikuwemo Washington State ilipotwaa ubingwa wa mashindano ya Pac-12, ligi ya vyuo vya magharibi ya Marekani, mwaka 2023. Hawa si watu wa kutupa kutoka mbali. Kazi yao iko chini ya ringi, na ndiko karatasi yetu isikoangalia.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kipimo kinachotumika sana kinajumlisha pointi, ribaundi, asisti, mipira iliyopokonywa na bloku, kisha kinatoa mitupo iliyokosa na mipira iliyopotezwa. Tuchukue wasichana wawili wa kufikirika. Wa kwanza kafunga pointi 18: kaingiza mitupo 8 kati ya 22 na mitupo huru 2 kati ya 4, ana ribaundi 2, asisti 1, kapoteza mpira mara 5. Jumla yake ni 21, na cha kutoa ni 14 na 2 na 5, nacho 21. Anabaki na sifuri. Wa pili ana pointi 6 kwa mitupo 3 kati ya 5, ribaundi 13, asisti 2, bloku 3, kapokonya mara moja, kapoteza mara 2. Jumla 25, toa 4, anabaki na 21. Tuzo ya mchezaji bora wa mechi anachukua wa kwanza, na uwanja mzima unapiga makofi.

Takwimu nazo zina uongo wake. Beki anayemganda mpinzani mpaka asipewe mpira hapati alama yoyote. Na karani wa timu mwenyeji, hata Marekani, ana mkono mwepesi wa kugawa asisti kwa watu wake.

Tatizo la pili kwetu ni uchache wa mechi. Timu ya chuo Marekani hucheza mechi 30 hivi kwa msimu. Mashindano ya TUSA ya vyuo vikuu ni ya siku chache mahali pamoja; mchezaji wa SUA au Mzumbe, vyuo vikuu vya hapa Morogoro, anapata mechi za kuhesabu kwa vidole, na jioni moja nzuri inampandisha au kumshusha. Mechi za ndani ya mkoa zingejaza pengo, ila viwanja vyetu vingi ni vya saruji na viko wazi. Masika mawingu ya milima ya Uluguru yakishuka, saruji inateleza na mechi inaahirishwa.

Tanzania haijakosa watoa tuzo. Waandishi wa michezo, kupitia TASWA, wamewahi kuchagua wanamichezo bora wa mwaka, kikapu kikiwemo. Kinachokosekana ni cha kuwapelekea wapigakura: orodha ya wachezaji wa kike wa vyuo, mechi walizocheza na walichofanya katika kila moja.

FIBA ina programu ya kompyuta ya kazi hiyo, lakini daftari la mistari linatosha kuanzia. Mzumbe inafundisha shahada ya takwimu, SUA inafundisha informatiki, na wanafunzi wa fani hizo wanahitaji data halisi za kufanyia mazoezi. Kila mechi iwe na watu wawili, mmoja akiita na mwingine akichora vijiti, na watoke vyuo tofauti ili asisti zisigawiwe kiundugu. Wakubaliane mapema pasi ipi ni asisti, maana hapo ndipo ugomvi huanzia. Daftari likishajaa libaki ofisi ya michezo ya chuo, nakala iende kwa chama cha kikapu cha mkoa.