Silaha ya Kwanza ya Mtoto

Mzazi anayemtafutia mtoto wake bunduki ya kwanza ya kuwindia, katika nchi ambazo sheria inamruhusu, huanza kwa kuuliza uzito. Swali hilo si la bure. Bunduki ya kawaida ya mtu mzima hufika kilo tatu na nusu, na mtoto wa miaka kumi akiishika kwa muda mfupi tu mkono wa mbele huanza kutetemeka, mtutu hushuka, naye huvuta kifyatuo upesi ili apumzike. Kitako nacho kimekatwa kwa kipimo cha mkono wa mwanaume, kwa hiyo mtoto hulazimika kuegemea nyuma na kuipinda shingo ndipo jicho lifike mahali pake. Kwa sababu hizo viwanda vya Marekani hutengeneza bunduki fupi za risasi moja moja, nyingine hazifiki kilo moja na nusu. Ila wepesi nao una shida yake. Risasi ileile ikitoka kwenye bunduki nyepesi, bunduki hurudi nyuma kwa kasi zaidi na kulipiga bega, na mtoto aliyekwisha kuumia bega hufumba macho kabla hajafyatua. Wanaoijua kazi hii hupunguza kwanza nguvu ya risasi, ndipo wapunguze kilo za bunduki, na wengi huishia kwenye .22, risasi ndogo ambayo karibu haipigi bega kabisa.

Hapo mzazi huona amemaliza: silaha nyepesi, fupi, haimuumizi mtoto. Mimi naona ndipo kosa linapoanzia. Silaha inayomtosha mtoto si ile anayoweza kuibeba. Ni ile ambayo madhara yake hayawezi kuzidi nguvu za mwili wake mwenyewe, wala kufika mbali kuliko jicho lake linavyoweza kuchunguza. Kwa kipimo hicho bunduki nyepesi kuliko zote bado ni kubwa mno kwa mtoto, na jibu bora, yaani upinde, limekuwapo siku nyingi katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, Tanzania, na kwa majirani zao.

Hesabu yenyewe si ngumu. Upinde hauna nguvu yoyote mpaka mtu auvute, na kila kinachoingia kwenye mshale kimetoka kwenye bega na mgongo wa mvutaji. Mtoto anayeweza kuvuta upinde wa kilo nane kwa sentimeta arobaini anaweka humo takriban jouli 16, na mshale huondoka na pungufu ya hapo. Mtu mzima anayevuta kilo 25 kwa sentimeta sitini anaweka kama jouli 75. Risasi ya .22, ambayo kwenye bunduki huhesabiwa ya kuchezea, hutoka mtutuni na jouli zipatazo 150, iwe kifyatuo kimevutwa na mtu mzima au na mtoto wa miaka sita, na ikielekezwa juu huweza kusafiri zaidi ya kilometa moja na nusu. Mshale wa mtoto huanguka mahali anapopaona. Risasi hupita kichaka, hupita mbuzi na mchungaji wake, hufika kwenye boma ambalo mfyatuaji hakujua kama lipo.

Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme wa wilaya ya Serengeti walikuwa wawindaji muda mrefu kabla Hifadhi ya Taifa ya Serengeti haijatangazwa mwaka 1951, na muda mrefu zaidi kabla Ikorongo na Grumeti hazijafanywa mapori ya akiba mwaka 1994. Nyumbu walipopita, watu walitumia mashimo, pinde na mishale yenye sumu. Mafunzo ya uwindaji wa namna hiyo yanaonekana hadi leo kwa Wahadza wa bonde la Ziwa Eyasi, kusini-mashariki ya hifadhi. Mvulana wa Kihadza hupewa upinde angali mdogo sana, na upinde huo hubadilishwa kila mwili unapokua. Mishale yake ni mti mtupu uliochongwa ncha, ya kulenga ndege na wanyama wadogo. Chuma huja baadaye, na sumu, inayopikwa kwa utomvu wa mdagu au kwa mbegu za mmea mwingine wa porini, ni ya watu wazima. Utaratibu huo una akili. Kwa upinde mtoto anapewa nguvu anazozimudu tayari, na sumu, ambayo ndiyo sehemu pekee ya silaha hiyo inayoua bila kutegemea misuli, inazuiliwa mpaka akomae.

Vijijini Mara leo mvulana anayefukuza ndege kwenye mtama ana manati zaidi kuliko upinde. Panda la mti lililokaushwa, vipande viwili vya mpira wa tyubu ya baiskeli, na ngozi ndogo ya kushikia jiwe. Mtoto huukata mpira mwenyewe. Akiona unamshinda kuuvuta, huuchana uwe mwembamba. Kitako cha bunduki kinaweza kufupishwa kwa msumeno vivyo hivyo, lakini risasi inabaki na nguvu zilezile ilizotoka nazo kiwandani.

Kinachotokea silaha inapoachana na mwili, mkoa huu umekwisha kukiona. Mfano wa kwanza ni waya. Mtego wa waya hauhitaji mkono wenye nguvu wala jicho lenye shabaha. Unafungwa kwenye mti, aliyeufunga anarudi nyumbani, nao unakamata nyumbu, na pia simba, fisi na mtoto wa tembo. Mwaka 2017 Shirika la Wanyama la Frankfurt, likishirikiana na hifadhi na wafanyabiashara wa utalii, lilianzisha vikosi vya kuondoa nyaya Serengeti, na waliopewa kazi hiyo ni pamoja na watu waliowahi kuzitega. Mfano wa pili ni bunduki zenyewe. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, vita ambavyo Wakurya wengi, wenyeji wa Tarime, walipigana wakiwa askari, silaha za kivita zilienea Tarime na wizi wa ng'ombe ukabadilika sura. Michael Fleisher, mwanaanthropolojia aliyeandika kitabu kuhusu wizi huo mwaka 2000, ameonyesha jinsi silaha hizo zilivyoungana na soko la fedha kuugeuza kuwa biashara ya kuvuka mpaka wa Kenya. Uvamizi wa mikuki na mishale ulihitaji watu wengi, na palipo na watu wengi wazee hupata habari. Vijana wachache wenye bunduki hawakumhitaji mtu.

Msomaji wa Tarime atanijibu kwamba mishale pia imeua, na atakuwa amesema kweli. Mapigano ya koo za Wakurya yamepiganwa kwa pinde na mapanga, na watu wamezikwa. Hoja yangu haisemi upinde ni salama mikononi mwa mwanaume mwenye hasira. Inasema upinde wa mtoto una nguvu za mtoto. Akikosea, kosa lake lina ukubwa wake, ingawa jicho la mwenzake bado liko hatarini na mtu mzima bado anatakiwa awepo.

Wengine watasema kwamba huko Marekani watoto hufundishwa bunduki mzazi akiwa begani, na wengi hukua bila kumdhuru mtu. Nakubali. Lakini usalama huo wote umo kwa mzazi, haumo kwenye silaha, na mzazi hulala, husafiri, husahau ufunguo. Tena mzazi huyo hawezi kuirudisha risasi iliyokwisha kutoka. Kwetu Tanzania kuna jambo la ziada: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimpi mtoto nafasi ya kumiliki bunduki, na naiona ni sheria nzuri.

Pingamizi ninalolipa uzito kuliko yote ni la anayehofu kwamba mtoto asiyeanza mapema hatakuwa mwindaji kamwe. Mwaka 2002 watafiti Nicholas Blurton Jones na Frank Marlowe walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa Wahadza: kuchimba mizizi, kukwea mibuyu, kulenga shabaha kwa upinde. Waliokosa miaka ya porini kwa sababu ya shule ya bweni hawakuonekana, kwa jumla, kuachwa nyuma na wenzao waliobaki. Kilichoongeza uwezo kwa sehemu kubwa ni kukua kwa mwili na nguvu. Basi hakuna mlango unaofungwa mtoto akifika miaka kumi na miwili bila bunduki. Kijana aliyejifunza kwa upinde kusoma upepo, kunyata na kuhesabu umbali atakuja kuishika bunduki akiwa mtu mzima, huku mambo yasiyofundishika kwa siku moja ameshayajua.

Kwa mzazi wa Mugumu wilayani Serengeti au Sirari wilayani Tarime anayetaka kumchongea mtoto upinde, kipimo ni hiki. Mtoto auvute mpaka ugwe uguse kidevu, akae hapo akihesabu mpaka tano, kisha aurudishe taratibu bila kuachia. Akitetemeka, mti upunguzwe unene kwa kisu pande zote mbili kwa usawa. Mshale uwe na kichwa butu, mrefu kidogo kuliko mvuto wake ili usimchome mkono, na shabaha iwe fungu la nyasi lililoegemezwa kwenye kichuguu au ukingo wa udongo, mbali na njia ya mifugo. Wanyamapori wasiwe shabaha: kuwinda bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya 2009, na kukutwa na silaha ndani ya hifadhi bila kibali, hata panga, kumewafikisha wengi mahakamani Mugumu. Mtoto anayechunga karibu na mpaka wa hifadhi auache upinde wake nyumbani.