Shamba Lililopumzishwa na Neno la Njia Mbili

Mkulima wa Maposeni mwenye ekari sita akilima nne mwaka huu, zile mbili zilizobaki hajazitupa. Amezipumzisha. Majani yameota, vichaka vimeanza kushika, na mtu anayepita njiani kuelekea Peramiho akitupa jicho upande ule ataona pori tu. Mwenyewe anajua alivuna lini mahindi ya mwisho pale, na anajua atarudi lini na jembe. Sasa aje mgeni na karatasi mkononi, amuulize: je, ardhi hii inatumika? Jibu la mwenye shamba ni ndiyo. Jibu la macho ya mgeni ni hapana. Swali lenyewe halikusema linataka jibu gani.

Nimeanzia shambani ingawa mada yangu ni neno la Kiingereza. Kazi yangu ni tafsiri, na neno ambalo halijawahi kunipa usingizi ni ambiguous. Kamusi hulipa tafsiri ya haraka, “-enye utata”, nasi tunaandika na kusonga mbele. Hapo ndipo tunapojikwaa, kwa sababu utata wetu ni mpana kuliko neno lao.

Tazama asili ya maneno haya mawili. Ambiguous limetoka kwenye kitenzi cha Kilatini, ambigere, ambacho ndani yake mna pande mbili na kuendesha. Picha yake ni mtu aliyefika njia panda, anakwenda huku, anarudi kule, hajui ashike ipi. Utata wetu umetoka kwenye uzi. Uzi ukivurugika tunasema umetatana, na katika shina hilohilo tumepata kutatanisha, kutatiza, hata tatizo lenyewe. Aliyesimama njia panda anaweza kuzihesabu njia: hii moja, ile ya pili. Mwenye uzi uliotatana hana cha kuhesabu. Anatafuta ncha.

Ndiyo maana watangazaji wetu wanasema “bao la utata” mpira ukibishaniwa kama ulivuka mstari, “kifo chenye utata” chanzo kisipojulikana, na “mkataba tata” vifungu vikitiliwa shaka. Kiswahili ni sahihi katika yote matatu. Lakini la kwanza ni mabishano, la pili ni jambo lisilojulikana, la tatu ni mashaka. Mtafsiri akiyarudisha yote kwa Kiingereza kwa kutumia ambiguous, atakuwa amesema uongo mara tatu.

Katika isimu ya Kiswahili tumelibana neno hili, na hapo linakutana barabara na la Kiingereza. Sentensi tata ni ile yenye maana zaidi ya moja, na kila maana inasimama kwa miguu yake. Waliosoma sekondari wanaukumbuka mfano wa “Mtoto amelalia uji.” Ama mtoto amelala juu ya uji, ukamchafua, ama amekwenda kulala na uji tu tumboni, hakupata ugali. Kosa si la msemaji. Kiambishi kimoja cha kauli ya kutendea kimebeba mizigo miwili, na anayeamua ni muktadha.

Lugha yetu ina kinga yake, nayo ni ngeli. Sema “kitabu cha mwalimu kipya”, kila mtu anajua kipya ni kitabu. Sema “kitabu cha mwalimu mpya”, mpya ni mwalimu. Fanya hivyo kwa shamba: “shamba la mwalimu jipya”, “shamba la mwalimu mpya”, njia imenyooka. Mwingereza hana kinga hiyo, kivumishi chake hakibadiliki sura. Lakini jaribu “nyumba ya mwalimu mpya.” Nyumba huchukua mpya, mwalimu naye huchukua mpya. Ngeli mbili zimegongana kwenye neno moja, na kinga imeanguka. Nawasihi wanaoandika barua za ofisi waangalie mahali pa namna hii, kwa kuwa tumezoea kuitegemea ngeli hata pale isipotusaidia.

Kuna utata mwingine unaotoka kwenye maisha badala ya sarufi. “Usiku wa Ijumaa” ni upi? Kwa hesabu ya wazee wa pwani, siku huanza jua linapotua, hivyo ni usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa. Kwa kalenda ya ofisini ni usiku unaoufuata. Waandishi wa habari wameutatua kwa msemo mzuri sana: usiku wa kuamkia Jumamosi. Hakuna njia panda tena.

Sasa tofautisha hayo na neno jingine la Kiingereza, vague, ambalo nalo mara nyingi hutupwa kwenye kapu la utata. Hili limetoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya kuzurura. Kauli ya namna hii haina maana mbili. Ina maana moja isiyo na mpaka, kama ukungu wa asubuhi za baridi kule Songea: unaona kuna ukungu, huoni unaishia wapi. Chukua mkataba wa mkopo wa mbolea unaosema deni lilipwe “baada ya mavuno”. Ni siku mahindi yanapotoka shambani? Yakishapukuchuliwa? Yakishauzwa? Huwezi kuhesabu maana hapo, unaweza tu kuchora mpaka. Kauli tata unaitibu kwa kuchagua. Kauli ya ukungu unaitibu kwa kuweka tarehe, kipimo au idadi. Anayechanganya magonjwa haya atatoa dawa isiyofaa.

Turudi kwenye zile ekari mbili. Bunge la Tanzania lilitunga Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 mwaka 1999, zikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Zote mbili zimegawa ardhi ya umma mafungu matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya kijiji na ardhi ya hifadhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema ardhi ya jumla ni ile ardhi ya umma isiyo ya hifadhi wala ya kijiji. Sheria ya Ardhi inasema hivyohivyo, kisha inaongeza kwamba hiyo ni pamoja na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika.

Hapa magonjwa yote mawili yamekutana. Kipande kimoja cha ardhi kinaweza kusomwa kuwa cha kijiji kwa sheria hii na cha jumla kwa sheria ile. Hiyo ni njia panda kamili. Na neno “isiyotumika” ni ukungu mtupu, halina muda wala kipimo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, katika kifungu cha 7, ilijitahidi kuweka mpaka: inahesabu kuwa matumizi ardhi iliyopumzishwa wakati wowote ndani ya miaka 12 kabla ya sheria kutungwa, malisho ya mifugo, na hata njia ya kufikia malisho. Aliyeandika kifungu hicho alimjua mkulima. Lakini kifungu cha 181 cha Sheria ya Ardhi kinaipa sheria hiyo nguvu pale nyingine zinapopingana nayo. Jambo hili si dogo, kwani ardhi ya jumla haisimamiwi na halmashauri ya kijiji.

Mwaka 2021 Bunge lilibadili Sheria ya Tafsiri ya Sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Nilifurahi, na bado nafurahi. Ila mtafsiri asidhani kazi yake ni kuchagua kimyakimya. Mahali pa “isiyotumika”, akiandika “ardhi isiyoendelezwa”, amelisukuma shamba la kupumzishwa upande mmoja. Akiandika “ardhi iliyotelekezwa”, amelirudisha upande wa pili. Kiswahili kizuri kinaweza kuuficha mgongano ambao Bunge ndilo lenye kazi ya kuuondoa. Ninachowaomba watafsiri na wanasheria ni kimoja: mahali penye njia mbili, zionyesheni zote mbili, kisha mrudishe swali kwa watunga sheria.

Nanyi wa vijijini, kijiji chenu kinapoandaa mpango wa matumizi ya ardhi na karani akauliza kile kipande cha bondeni akiandike nini, msikubali kiandikwe “pori”. Mwambieni aandike “shamba lililopumzishwa”, na aweke mwaka mlioliacha na mwaka mtakaolirudia.