Je, Wajua? Bati Dhidi ya Joto la Ekzosi

Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na humo madereva hutakiwa kupunguza mwendo. Gari la michezo, ambalo tumbo lake liko karibu na lami, hapo hupata upepo mdogo wa kupoza ekzosi. Joto hupanda sakafuni.

Dawa nafuu ni bati la alumini kati ya ekzosi na sakafu. Likiwa linang'aa, hurudisha zaidi ya asilimia 90 ya mnururisho wa joto, ila liachiwe nafasi ya hewa. Likigusa bomba, kazi bure. Sakafu ikiwa na tundu, lizibwe kwanza: hupitisha moshi wenye sumu!

Kiangazi, usiegeshe kwenye nyasi kavu. Ekzosi ya moto huweza kuziwasha.