Samaki Wakitweta Alfajiri, Chunguza Maji Kabla ya Kununua Dawa

Wafugaji wa samaki wanahimizwa kuchunguza maji ya kidimbwi kabla ya kununua dawa. Tilapia wanaopanda juu alfajiri na kutweta midomo wazi mara nyingi si wagonjwa, wamekosa oksijeni. Mfugaji anayekimbilia dawa hupoteza pesa, na huenda akapoteza kidimbwi kizima usiku unaofuata.

Mchana, mimea midogo ya kijani iliyo majini hutoa oksijeni. Usiku huacha kuitoa na badala yake huitumia, sawa na samaki. Ndiyo maana oksijeni hupungua zaidi kabla ya jua kuchomoza, hasa maji yakiwa ya kijani kupita kiasi kwa sababu ya samadi au mabaki ya chakula.

Tazama pia jinsi samaki wanavyokufa. Wengi wakifa kwa usiku mmoja, wakubwa wakitangulia, shuku oksijeni. Wakifa wachache kila siku, wakiwa na vidonda, nyuzi kama pamba au magamba yaliyosimama, shuku ugonjwa.

Hatua za kuchukua:

• Oksijeni ikipungua, ingiza maji safi yakianguka kutoka juu. Simamisha chakula na samadi.

• Ukishuku ugonjwa, ondoa samaki waliokufa, wazike mbali na maji, na usiazime wala kuazimisha nyavu.

• Wasiliana na afisa wa uvuvi wa eneo lako kabla ya kutia dawa yoyote. Dawa ya bakteria haiui kuvu, na masalio yake yanaweza kubaki katika samaki atakayeliwa.